Nchi, Hewa na Kazi: Uhakiki wa Vocabulaire de ville de Elisabethville

1. UTANGULIZI

Andiko liitwalo Vocabulaire de ville de Elisabethville lilikamilishwa mwaka 1965 na André Yav, kwa jina la chama cha watumishi wa zamani wa nyumbani wa mji ambao mwaka uliofuata ulipewa jina la Lubumbashi. Neno vocabulaire humfanya msomaji atazamie orodha ya maneno. Kumbe andiko lenyewe ni historia ya mji, nayo imesimuliwa kwa Kiswahili cha papo hapo mjini. Mwaka 1990 Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyewahi kufundisha Lubumbashi katika miaka ya 1970, alilitoa kitabuni pamoja na tafsiri ya Kiingereza na insha ndefu ya ufafanuzi. Tangu hapo linafahamika kwa wataalamu kama kielelezo cha lugha na kama kumbukumbu ya watu wa chini. Lakini linastahili pia kusomwa kama hoja.

Makala haya yanalisoma hivyo, kwa kuuliza swali moja: mji wa kikoloni huzaliwa na nini? Jibu lililozoeleka madarasani ni kwamba huzaliwa na nchi na hewa. Penye shaba pakawa na mgodi. Penye milima ya baridi pakawa na shamba la mlowezi. Penye joto na msitu mkubwa pakawa na mpira na michikichi. Yav na wenzake wanajibu kwa namna nyingine. Majibu hayo mawili yatapimwa hapa, moja kwa jingine, kwa kuwa lipo jambo zito linalotegemea jibu litakalokubaliwa: ni nani mwenye haki ya kuuita mji kuwa wake.

2. HOJA YA NCHI NA HEWA

Hoja ya jiografia isidharauliwe, maana inaeleza mengi. Kusini mwa Katanga ni uwanda wa juu. Lubumbashi yenyewe iko kwenye kimo cha mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Mvua huanza kwa nguvu mwezi wa Novemba na kwisha mwezi wa Machi au Aprili. Kisha hufuata kiangazi kirefu, chenye usiku wa baridi kali katika Juni na Julai. Nchi imefunikwa na pori la miombo. Udongo wake mwekundu umeoshwa na mvua na una rutuba kidogo, isipokuwa kwenye vichuguu vikubwa vya mchwa. Mbung'o walizuia ufugaji wa ng'ombe katika sehemu nyingi, na watu walikuwa wachache kwa ukubwa wa nchi.

Chini ya udongo huo maskini ilikuwako shaba. Wenyeji waliijua tangu zamani sana: waliyeyusha mawe ya kijani wakati wa kiangazi na kutengeneza misalaba midogo ya shaba, ambayo ilisafiri mbali katika biashara. Mwaka 1892 Jules Cornet, mwanajiolojia wa Kibeleji, aliipima nchi hiyo na kuandika habari za utajiri wake. Mwaka 1906 ikaundwa Union Minière du Haut-Katanga.

Kutokana na hali hiyo, kila sifa ya nchi ilileta tokeo lake. Shaba ilikuwa mbali na bahari zote mbili, basi haikuweza kuuzwa kwa wingi pasipo reli. Reli ilitoka kusini, ikipitia Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), na kufika Elisabethville mwaka 1910, mwaka uleule wa kuanzishwa kwa mji. Mwaka uliofuata tanuri za Lubumbashi zikaanza kuyeyusha. Makaa ya kulishia tanuri hizo yaliletwa kutoka Wankie, katika Rhodesia ya Kusini. Kwa kuwa udongo haukutoa chakula cha kutosha na wakulima walikuwa wachache, unga wa mahindi nao ulitoka upande wa Rhodesia. Watu pia walitoka huko: katika miaka ya kwanza sehemu kubwa ya wafanyakazi wa migodi waliandikishwa Rhodesia ya Kaskazini. Baadaye, mawe yenye shaba kidogo yalipohitaji kusafishwa kwa umeme, maporomoko ya mto Lufira yalifungwa kule Mwadingusha, na umeme ukaanza kutoka mwaka 1930.

Hata upepo ulitumika. Kwa sehemu kubwa ya mwaka upepo wa Lubumbashi hutoka kusini-mashariki. Kiwanda cha kuyeyushia kilijengwa kando ya mto Lubumbashi, upande wa magharibi wa mji, hivi kwamba moshi wake ulichukuliwa kuelekea kaskazini-magharibi, mbali na nyumba za Wazungu. Watafiti wa kilimo wa Lubumbashi wameuchunguza udongo wa upande huo na kuukuta umejaa madini, na mahali pengine umebaki mtupu bila mti.

Mtu akiyatazama mambo haya yote kwa pamoja, atashawishika kusema kwamba mji ulikwisha kuandikwa katika mawe na hewa kabla ya kuja kwa mtu yeyote.

3. MAHALI HOJA HIYO INAPOKWAMA

Kishawishi hicho ni cha zamani. Mwaka 1915 Mmarekani Ellsworth Huntington alitoa kitabu kizima kutetea wazo kwamba hali ya hewa ndiyo iamuayo nguvu ya ustaarabu. Mwaka 1922 Mfaransa Lucien Febvre alijibu nadharia za aina hiyo kwa kusema kwamba nchi hutoa nafasi, na binadamu ndiye huchagua. Ubishi haukwisha. Pierre Gourou, aliyekuwa profesa mjini Bruxelles na kuifahamu Kongo vizuri, alitoa mwaka 1947 kitabu juu ya nchi za joto, akitia mkazo maradhi na umaskini wa udongo wao. Aimé Césaire alimshambulia katika hotuba yake juu ya ukoloni ya mwaka 1950, kwa sababu aliona kwamba maelezo ya namna hiyo huutua mzigo mabegani mwa mkoloni na kuutwika hewa.

Katanga yenyewe inatoa vipimo vinne vya kuamulia ubishi huo.

Kipimo cha kwanza ni jiwe la Shinkolobwe. Madini yake yaligunduliwa mwaka 1915 na kuchimbwa kwanza kwa ajili ya radiamu. Katika Vita Kuu ya Pili urani ya mgodi huohuo ilitafutwa na Marekani kwa ajili ya bomu la atomiki. Jiwe halikubadilika, kilichobadilika ni mahitaji ya watu waliokuwa mbali nalo.

Kipimo cha pili ni shida ya uchumi iliyoanza mwaka 1929. Bei ya shaba ilipoanguka, Union Minière iliwarudisha makwao maelfu ya wafanyakazi. Shaba ilikuwa palepale ardhini na mvua zilinyesha kama kawaida. Waliotoweka ni watu. Uchumi uliotegemea nchi tu usingaliweza kuporomoka hali nchi imesimama.

Kipimo cha tatu ni njia ya kusafirishia shaba. Katika miaka ya 1930 zilikuwako njia tatu: ya Beira, ya Lobito kwa reli ya Benguela, na ile iliyoitwa njia ya taifa, kwa reli hadi Port-Francqui (Ilebo ya leo), kisha kwa meli za mtoni hadi Léopoldville, kisha kwa reli tena hadi Matadi. Njia hii ya mwisho ilidai kupakua na kupakia mara mbili, na kwa ramani ile ya Lobito ilikuwa fupi zaidi. Hata hivyo serikali ya Ubelgiji iliipendelea kwa kuwa ilikuwa ndani ya koloni lake. Hapa siasa iliishinda jiografia mchana kweupe.

Kipimo cha nne kinagusa afya. Kuanzia miaka ya 1920 mji wa Wazungu ulitengwa na mji wa Waafrika kwa ukanda mtupu wa ardhi. Sababu iliyotolewa ilikuwa malaria: mbu asiweze kuruka kutoka kwa Mwafrika hadi kwa Mzungu. Lakini kila nyumba ya Mzungu ilimhitaji mpishi, dobi na yaya, na wengi wao walilala katika vibanda vya nyuma ya nyumba hiyohiyo, ambavyo wakoloni waliviita boyerie. Mbu aliyezuiwa kuvuka ukanda alikuwa na mtu wa kumwuma uani. Kama hewa na maradhi ndivyo vilivyouchora mji, mchoro huo haukuwa na maana. Una maana pale tu unapoonekana kuwa mpaka wa utawala uliovikwa kanzu ya daktari.

Kipimo hiki cha nne ndicho kinachoongoza kwa Yav, kwa sababu watunzi wa Vocabulaire ni watu walewale wa uani.

4. FANI NA MAUDHUI YA VOCABULAIRE

Msomaji aliyezoea Kiswahili sanifu hukutana na ugumu mara moja. Andiko halifuati tahajia yoyote iliyopangwa. Maneno yameunganishwa pasipotarajiwa au yamekatwa katikati. Alama za kituo ni haba. Maneno ya Kifaransa yameandikwa kama yalivyosikika. Sarufi ni ya Kiswahili cha Katanga: kiambishi ba- mahali pa wa-, ka- kwa udogo, na viunganishi vyenye sauti ya Kiluba na Kibemba. Fabian aligundua kwamba andiko halieleweki vizuri mpaka lisomwe kwa sauti, na ndivyo alivyofanya kwa msaada wa msemaji wa lugha hiyo. Ugunduzi huo una uzito katika uhakiki. Unaonyesha kwamba kinachoonekana kuwa makosa ya mwandiko ni sauti iliyowekwa katika karatasi na watu ambao shule haikuwapa njia nyingine. Kulisahihisha andiko hili kwa kulilazimisha lifuate Kiswahili sanifu kungekuwa kuwanyamazisha wasemaji wake mara ya pili.

Kwa upande wa maudhui, anayetafuta maelezo marefu juu ya mawe, mvua au upepo atatoka na machache. Simulizi linatawaliwa na watu: mfalme wa Wabeleji, Mwenda Msiri wa Bunkeya, mabwana wa kampuni, na hasa boyi mwenyewe, kazi yake, mshahara wake na posho yake. Mji unasimuliwa kwa kumtaja nani alimwamuru nani, na kwa malipo gani.

Msomaji mwepesi wa kuhukumu atasema kwamba hayo ni matokeo ya ujinga: watumishi hawakujua jiolojia wala uchumi, basi waliona watu tu. Hukumu hiyo haisimami. Boyi alikuwa na elimu ya mahali pake. Aliingia asubuhi katika nyumba ambamo maamuzi yalizungumzwa mezani. Alijua ni lini bwana alipandishwa cheo na ni lini unga wa posho ulipunguzwa. Mchimbaji wa mgodini alikutana na jiwe kila siku, naye angeweza kuusimulia mji kuanzia jiweni. Boyi alikutana na bwana. Kutoka mahali pake, kitu kilichoonekana kutenda ni mtu. Kwa hiyo Vocabulaire inasema jambo ambalo ramani haiwezi kulisema: kila sifa ya nchi iliyogeuka kuwa uchumi ilipitia kwanza katika amri ya mtu fulani na katika mikono ya mtu mwingine.

Lugha ya andiko ni ushahidi wa jambo hilohilo. Eneo la Lubumbashi lilikuwa na lugha zake: Kilamba, Kisanga, na Kibemba kwa jirani. Kama nchi ingekuwa ndiyo iamuayo, mojawapo ya hizo ingekuwa lugha ya mji. Kiswahili kilikuwa kimekwisha kusikika Bunkeya katika karne ya 19 kwa njia ya wafanyabiashara wa mashariki, lakini hilo peke yake halielezi ushindi wake migodini. Katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya lugha na utawala wa kikoloni, Fabian alieleza jinsi Kiswahili cha kazi kilivyojengwa na kuendelezwa Katanga kadiri wakuu walivyotaka kupunguza utegemezi wao kwa upande wa Waingereza na kuwaleta wafanyakazi kutoka Lomami, Kasai na Ruanda-Urundi. Kwa maneno mengine, Kiswahili cha Lubumbashi hakikuota pale kama miombo. Kilitokana na sera ya kutafuta wafanyakazi, kisha wafanyakazi wenyewe wakakifanya kuwa chao. Yav anaandika kwa lugha ambayo ni zao la mji kama shaba ilivyo, na pengine zao lililodumu kuliko shaba.

5. UPUNGUFU WA ANDIKO

Hata hivyo Vocabulaire haitoshi peke yake. Mtazamo wa uani una kivuli chake. Kwa kuwa kila jambo linaelezwa kwa tendo la bwana, msomaji hawezi kujua ni kwa nini bwana huyo, mwenye nguvu zote, alishindwa mara nyingi.

Mfano mzuri ni kilimo. Kuanzia miaka ya 1910 Edmond Leplae, mkuu wa idara ya kilimo, alijaribu kuweka walowezi wa Kibeleji kuzunguka Elisabethville ili waulishe mji. Fedha zilitolewa na ardhi ikagawiwa, lakini mashamba mengi yalikufa: udongo ulikuwa dhaifu, mbung'o waliua wanyama wa kukokota plau, na unga wa kusini uliouzwa kwa reli ulikuwa nafuu zaidi. Hapa nchi ilimkatalia bwana. Vivyo hivyo, usiku wa baridi wa Juni katika kambi mbovu, pamoja na homa ya mapafu na kuhara, uliwaua wafanyakazi wengi wa miaka ya kwanza, hata Union Minière ikatambua kwamba kumleta mtu kutoka mbali ili afe ni hasara. Kutoka hapo, mwishoni mwa miaka ya 1920, ikazaliwa siasa ya kuwaweka wafanyakazi mjini kwa mikataba mirefu, pamoja na wake, watoto, shule na hospitali. Umbali, uchache wa watu na baridi vilimlazimisha bwana kubadili nia. Maelezo yasiyo na nchi hayawezi kulieleza badiliko hilo, ambalo ndilo lililoipa Lubumbashi familia zake.

Basi majibu mawili yaliyopimwa ni nusu mbili. Jiografia inaonyesha bei ya kila amri. Vocabulaire inaonyesha nani alitoa amri na nani alilipa bei. Anayeshika nusu ya kwanza peke yake anaona mji usio na mtenda; anayeshika ya pili peke yake anaona watenda wasio na ardhi miguuni.

6. MJI NI WA NANI?

Jambo hili si la maktaba tu. Mwaka 1992 na 1993 familia nyingi zenye asili ya Kasai zilifukuzwa Likasi, Kolwezi na sehemu nyingine za mkoa ulioitwa Shaba wakati huo. Wengi wa waliofukuzwa walikuwa wamezaliwa papo hapo, watoto na wajukuu wa watu walioletwa na reli na mikataba. Hoja iliyotumiwa juu yao ilikuwa, kwa kiini chake, hoja ya jiografia: utajiri umetoka katika ardhi, na ardhi ina wenyewe.

Kivu inatoa mfano wa pili. Huko pia husemwa kwamba milima, mvua ya kutosha na udongo wa volkano ndivyo vilivyowavuta walowezi wa kahawa, chai na kwinini. Ni kweli, lakini ni nusu. Mwaka 1928 iliundwa Comité National du Kivu na kukabidhiwa ardhi kubwa, kana kwamba haikuwa na wenyewe. Na kuanzia mwaka 1937 serikali iliwahamisha Wanyarwanda wengi na kuwaweka Masisi, ambako mashamba yalihitaji mikono. Mwaka 1993 watu waliuana Masisi juu ya swali la nani mwenyeji na nani mgeni. Hewa nzuri ya Kivu haikumhamisha mtu hata mmoja. Aliyewahamisha alikuwa na ofisi na mihuri.

Katika mifano hii miwili maelezo ya nchi na hewa yanafanya kazi ileile ambayo Césaire aliilalamikia: yanamfuta aliyetoa amri. Akiisha kufutwa, wanabaki waliotii amri, nao wanatazamana kama wenyeji na wageni, kila mmoja akimwona mwenzake kuwa ndiye chanzo cha shida. Vocabulaire inakataa ufutaji huo. Watunzi wake hawakuudai mji kwa damu wala kwa udongo. Waliudai kwa miaka ya utumishi, nao walifanya hivyo mwaka 1965, miaka miwili tu baada ya kumalizika kwa kujitenga kwa Katanga. Dai lao, kwamba mji ni wa waliouhudumia, lilikuwa la ujasiri wakati ule, na halijapoteza ujasiri wake.

7. HITIMISHO

Uhakiki huu umeonyesha kwamba nchi na hewa za Katanga zilipanga gharama za mji wa kikoloni lakini hazikuujenga, na kwamba André Yav na wenzake walilifahamu jambo hilo kutokana na mahali walipokuwa wamesimama. Umeonyesha pia kwamba andiko lao linahitaji kusomwa pamoja na ramani, la sivyo ukoloni utaonekana kuwa na nguvu kuliko ulivyokuwa.

Kazi mbili zinabaki mbele ya wanafunzi wa Kiswahili. Ya kwanza ni kulitayarishia andiko hili toleo la Kiswahili, lenye maelezo kwa Kiswahili, kwa ajili ya wasomaji wa Kongo. Maana si haki kwamba msomaji wa Katuba au Kamalondo alazimike kupitia Kiingereza ili apate maana ya maneno ya babu yake. Ya pili ni kuwatafuta wasimulizi wa upande ambao boyi hakuuona: wachimbaji, wanawake wa kambini, na wakulima walioulisha mji kutoka kwenye vichuguu vyao. Historia ya mji itakapokuwa na sauti hizo zote, ndipo jiografia itakapopata mahali pake halali: itakuwa uwanja wa simulizi, na wenye kutenda watabaki kuwa watu.